Nilisoma Majina Yao Mbele ya Wenzao

Mshauri,

Mimi ni naibu mwalimu mkuu katika shule ya sekondari ya kibinafsi, viungani mwa mji wa Kitale. Ni shule ya bweni yenye wanafunzi mia tatu na ushee. Kati yao kuna watoto wa Sudan Kusini ambao familia zao zimepanga nyumba hapa Kitale, na wachache wanaotoka Uganda kupitia mipaka ya Suam na Lwakhakha.

Muhula uliopita, Jumanne moja, saa nne kasorobo, gari jeupe lilisimama langoni. Wakashuka wanaume wawili wasio na sare na askari mmoja. Walisema ni watu wa uhamiaji na wanataka wanafunzi wageni. Mkuu wa shule alikuwa mkutanoni Nairobi. Sikuwauliza vitambulisho. Niliingiwa na hofu, nikawatolea lile daftari kubwa la usajili, wakalipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa. Kisha mmoja akaniambia niwaite. Nikaenda wanafunzi walikokuwa wakinywa chai, nikasoma majina kumi na moja. Wakajitokeza mmoja mmoja, wengine wangali wameshika vikombe.

Wanane walikuwa na karatasi zao ofisini. Watatu hawakuwa nazo, wakapakiwa kwenye gari. Sikwenda nao, maana nilikuwa na kipindi. Jamaa zao waliwafuata na pasipoti, wakaachiliwa siku ya pili. Wawili wamerudi. Wa tatu, msichana wa kidato cha tatu, hajarudi hadi leo, na wengine wanne walienda likizo fupi wakapotelea huko. Wavulana wakiniona hunyamaza.

Mwenye shule anasema nilitii sheria, niache kujisumbua. Mume wangu anasema vivyo hivyo. Lakini sipati usingizi. Je, nilikosea? Na wale watu wakija tena, nifanye nini? Yuko mtu anayetushauri tuwatafutie watoto wote vyeti vya kuzaliwa vya hapa kupitia mjuano na chifu, tumalize maneno.

Mwalimu Asiyelala, Kitale

*

Mwalimu,

Ulikosea. Nakuambia mapema ili usisome barua yote hii ukiwinda mahali nitakapokuambia la. Lakini kosa haliko pale unapolitafuta. Hakuna anayekulaumu kwa kuheshimu sheria. Mtu akija kwa jina la serikali husikilizwa. Kosa lilifanyika pale penye chai, ulipoyasoma majina kumi na moja. Kama kulikuwa na haja ya kuwatenga watoto hao na wenzao, hiyo ilikuwa kazi ya waliokuja. Wewe uliichukua ukaifanya kwa sauti ile ile unayowaitia matokeo ya mtihani. Ndiyo maana wavulana wananyamaza. Hawakuchukii. Wanajiuliza jina litakalofuata ni la nani.

Nasema hivi kwa sababu mzigo huo nami ninao. Miaka ya nyuma nilifundisha shule moja ya msingi upande wa Sirisia, si mbali na mpaka. Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyekuja kila asubuhi kutoka ng'ambo ya mto. Alivuka viatu vikiwa mkononi, soksi kazikunja ndani yake, na akifika upande huu hukaa juu ya jiwe akapangusa miguu kwa upindo wa sweta kabla ya kuvaa. Aprili mto ukijaa alizunguka hadi darajani, akachelewa kipindi cha kwanza, nami nikamsimamisha nje. Siku moja alizuiwa njiani na watu waliomtaka karatasi. Mtoto wa darasa la sita atatoa karatasi gani? Alitaja jina langu. Mtu akatumwa shuleni kuniuliza kama namjua, nami kwa kuogopa mambo ya mpaka nikajibu kwamba ni mmoja wa wale wanaokujakuja tu. Hakurudi tena. Kila nikiona soksi zimekunjwa ndani ya kiatu namkumbuka.

Hapa kwetu neno "mgeni" ni gumu kulitamka kwa kiapo. Wabukusu wa Bungoma na Wamasaba wa Mbale ni ndugu wa mlima mmoja: lugha inasikilizana, na vijana hutahiriwa katika miaka ile ile inayogawanyika kwa mbili. Wasabaot wa Cheptais wana ndugu zao Wasebei upande wa pili. Mpaka uliwakuta wote hapo hapo. Wa Sudan Kusini walifika kwa njia nyingine. Kitale iko kwenye barabara inayopanda Lodwar, Kakuma na Lokichoggio hadi mpakani Nadapal, na vita vilipolipuka tena kwao Desemba 2013, wapo akina mama walioteremka na barabara hiyo hiyo, wakapanga vyumba vyetu kwa sababu moja tu, shule. Baba kabaki Juba, mama anahesabu mihula. Tena tusisahau kwamba watoto wetu nao wamejaa Mbale, Tororo na Kampala, katika shule na vyuo vya watu, na kila mzazi wa Bungoma anayempeleka mwanawe huko anamwomba Mungu apate mwalimu atakayemshika mkono siku ya taabu.

Sasa sheria, kwa kuwa ndiyo iliyokutisha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 haina utani. Kuwa nchini bila kibali ni kosa ambalo faini yake yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 3, au vyote pamoja. Mwanafunzi asiye raia anatakiwa awe na pasi ya mwanafunzi, na pasipoti iliyogongwa muhuri wa matembezi haichukui nafasi yake. Hapo waliokuja shuleni kwako, kama kweli walikuwa watu wa uhamiaji, walikuwa na hoja.

Lakini tazama upande wa pili, ule ambao sidhani kama mtu aliwahi kukuonyesha. Tangu Julai 1, 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki inafanya kazi, na kanuni zake zinasema raia wa nchi mwanachama anayekuja kusoma apewe pasi ya mwanafunzi bila malipo. Uganda ni mwanachama tangu mwanzo. Sudan Kusini iliingia 2016. Kwa hiyo kama wote kumi na mmoja ni raia wa nchi hizo mbili, walikuwa na haki ya karatasi ile na hawakupaswa kuilipia ada. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kuketi nao siku ya kusajiliwa, akaandika barua ya shule, akakusanya nakala za pasipoti na picha, akafungua eCitizen, akajaza. Shule iliyajua majina yao vizuri ilipokuwa ikidai karo. Ilijua nani ana godoro na nani hana sanduku. Pasi haikuulizwa. Kosa hilo ni la wakubwa, wakiwemo wewe, mkuu wako na mwenye shule anayekuambia ulale, na waliolilipa ni watoto watatu ndani ya gari jeupe.

Ndiyo sababu nasema kazi kubwa ya siku ile ilipaswa kufanywa Januari, wakati wa kusajili. Mpe mtu mmoja jukumu hilo, jina lake lijulikane. Awe na daftari dogo la wanafunzi wasio raia, lifungiwe kabatini, lenye tarehe ya mwisho ya kila pasi, na miezi miwili kabla ya tarehe hiyo ampigie mzazi simu. Kama mfumo unasumbua, ofisi za uhamiaji za Eldoret na Kisumu hazijahama; mtu apande matatu aende. Ombi likishapokelewa, chapisha ile risiti ya mtandaoni uiweke kwenye faili ya mtoto, kwa maana ombi lililo njiani ni jibu la maana kuliko kimya.

Hapa nikutahadharishe jambo ambalo walimu wema hulikosea kwa wema wao. Si kila mtoto wa Sudan Kusini ni mgeni wa pasipoti. Wengine ni wakimbizi, na hao wanasimama chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Karatasi yao hutoka kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi. Usimwambie mtoto wa namna hiyo aende ubalozi wa nchi aliyoikimbia akaombe pasipoti ili mambo yako yanyooke. Unaweza kuwa unamrudisha mikononi mwa yule yule aliyemkimbiza. Muulize kwanza, faraghani, mlango umefungwa, yeye na mlezi wake: mlikujaje? Kisha sikiliza.

Na huyo wa vyeti vya kuzaliwa vya mjuano, mfungie mlango usoni. Najua kishawishi kinatoka wapi: mtihani wa kitaifa unakaribia, usajili unadai cheti, na mzazi yuko tayari kulipa. Lakini cheti cha uongo humfuata mtoto. Atakapotaka kitambulisho, atakapoomba pasipoti ya kwao, atakapokwenda chuo kikuu, kutakuwa na majina mawili na mahali pawili pa kuzaliwa, na yeye ndiye atakayesimama kizimbani kujibu uongo uliosemwa na watu waliomzidi umri. Kwa aliyesomea nje, baraza la mitihani, KNEC, lina utaratibu wa kulinganisha vyeti vya nchi nyingine. Unachosha, lakini hauna aibu ndani yake.

Tuje kwenye swali lako la pili: wakirudi?

Mlinzi wa lango ndiye wa kwanza kufundishwa. Leo hii nadhani anajua kufungulia gari lolote lenye mtu mwenye koti. Afundishwe kusema, "Karibuni, subirini hapa, nimwite mwalimu," akafunga lango, akaandika nambari ya gari. Wageni waletwe ofisini na si mahali pengine popote. Wasipite mabwenini wala madarasani. Uwape viti, uwape maji. Kisha uombe kitambulisho cha kazi cha kila mmoja, na uandike jina, nambari na ofisi anakotoka, ukiandika polepole mbele yao. Mwenye kazi halali hakasiriki akiandikwa. Asiye nayo hukumbuka ghafla kwamba anachelewa mahali. Siku ile wewe hukumjua hata mmoja, na mpaka sasa hujui kama walikuwa ndio.

Uliza wanamtafuta nani. "Wanafunzi wageni" si jina la mtu. Kama wana jina, waliandike, waandike na sheria wanayoitumia, watie sahihi, nakala ibaki kwako. Daftari la usajili lisitoke kabatini. Humo mna watoto mia tatu, tarehe zao za kuzaliwa, simu za mama zao, na pengine hata dawa wanazotumia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihusu shule kama inavyoihusu benki: taarifa hizo ulikabidhiwa kwa ajili ya masomo, na za mtoto zina ulinzi zaidi. Ukiulizwa kuhusu mwanafunzi mmoja kwa njia halali, jibu la mmoja. Zile picha zilizopigwa muhula uliopita zinahesabika pia. Wazazi wote, hata wa Bungoma na Kiminini, wana haki ya kuambiwa kwamba kurasa zao zimo katika simu ya mtu. Waandikie.

Usidanganye. Usimfiche mtoto stoo. Usimzuie afisa kwa kifua. Hayo yatakutia wewe ndani na hayatamsaidia yeye. Unachoweza, na unachotakiwa, ni kutomwacha peke yake. Kama mwanafunzi lazima aulizwe maswali, mwalimu mmoja amfuate darasani, amwite kwa sauti ya kawaida kama anayeitwa kwa ajili ya karo, na abaki chumbani hadi mwisho. Mzazi apigiwe kabla ya swali la kwanza. Kama lazima aondoke nao, mwalimu aingie kwenye gari hilo hilo, au alifuate kwa bodaboda. Kipindi kitafundishwa na mwingine. Najua hapa nakugusa donda. Katika barua yako yote, neno lililoniuma ni lile la kipindi.

Kama hajafika miaka 18 ni mtoto, na kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe ila pakiwa hapana njia nyingine, tena kwa muda mfupi kabisa, mbali na watu wazima. Mpigie afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu; namba 116 ya kuwasaidia watoto nayo haina malipo. Wewe na mimi tunajua kwamba wengi wa hao vijana wa Sudan Kusini wako kidato cha tatu wakiwa na miaka 19 au 20, kwa sababu vita vilikula madarasa yao. Hao kisheria ni watu wazima, lakini kifungu cha 49 kinawafunika kama kinavyokufunika wewe: waambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha wanayoielewa, waruhusiwe kumpata wakili, wafikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa siku hizo si za mahakama. Hapo hapo Kitale kuna ofisi ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Nenda ukajitambulishe kwao wiki hii, usisubiri siku ya gari jeupe.

Usidhani haya ni mambo ya shule ndogo ya Trans Nzoia tu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwataka maafisa wa uhamiaji waepuke shule, hospitali na nyumba za ibada. Aprili mwaka huo maafisa wa serikali kuu walifika katika shule mbili za msingi za Los Angeles wakitaka kuonana na watoto fulani. Walieleza kwamba wametumwa kuangalia hali ya watoto hao na kwamba jamaa zao wameridhia. Wakuu wa shule waliuliza, wakaangalia vitambulisho, wakakataa kuwaingiza. Msimamizi wa shule za mji huo alisema baadaye kwamba hakukuwa na jamaa aliyeridhia. Wakuu hao walikuwa na ngao ambayo sisi hatuna kwa upana ule: mahakama ya juu kabisa ya kule iliamua tangu 1982 kwamba mtoto asinyimwe shule ya umma kwa sababu ya karatasi, na walimu wamefundishwa kudai hati yenye sahihi ya hakimu. Huku sheria inampa afisa nafasi pana zaidi. Lakini lile la kuuliza kwanza na kufungua mlango baadaye, tunaweza. Halihitaji kibali cha Nairobi.

Kuna jina ambalo natamani kila msimamizi wa bweni wa pande hizi alijue, Theresa Nanziri Bukenya. Alikuwa msimamizi wa Africa Hall, bweni la wasichana la Makerere, zama za Idi Amin. Mapema 1976 mwanafunzi wa bweni lake, Mkenya aitwaye Esther Chesire, alitoweka kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kurudi nyumbani. Tume ikaundwa, na msimamizi akatarajiwa kutoa ushahidi. Juni mwaka huo aliuawa, akiwa mjamzito. Sikulinganishi naye, wala walioshuka kwenye gari jeupe siwalinganishi na askari wa Amin, nyakati hazifanani. Nimemtaja kwa sababu kazi yenu inafanana. Ni kazi ya kujua mtoto wa watu yuko wapi saa hii, na kusema kweli ukiulizwa.

Kwa walio vyuoni, Kibabii au Kitale, ambao huniandikia pia: ninyi ni watu wazima na pasi ni yenu, msiiachie ofisi ya wanafunzi peke yake. Nanyi wa ofisi hizo, orodha ya wanafunzi wa kigeni isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Nimeiona ikirushwa. Ilinifikia mimi, nisiyehusika hata kidogo.

Mwenye shule atauliza gharama. Mwambie ameshaipata: wanafunzi watano hawapo na karo yao haipo. Kwa mume wako sina la kusema ila kwamba anakupenda na anataka ulale. Utalala, lakini kwanza kuna maneno ya kusema mbele ya wale wavulana. Waite paredi, mahali pale pale penye chai, useme: "Siku ile nilisoma majina ya wenzenu. Sikupaswa. Haitatokea tena, na nitawaeleza tutakachofanya badala yake." Yawe mafupi hivyo. Usilie, usijieleze sana, usilaumu mkuu aliyekuwa Nairobi. Vijana wa umri huo wanajua kupima mwalimu anayekiri na mwalimu anayejitetea.

Halafu yule msichana wa kidato cha tatu. Usimpigie simu, ameshaitwa kwa jina na wewe mara moja, akatoka. Jumamosi nenda mwenyewe hadi nyumbani kwa jamaa yake, usiende na mhasibu wa shule. Mbebee daftari zake zilizobaki kwenye dawati, na noti za vipindi alivyokosa, uzinakili kwa mkono wako kama huna wa kukusaidia. Beba na ile fomu ya pasi, ikiwa imejazwa upande wa shule na kupigwa mhuri. Watakukaribisha chai, maana ndivyo walivyo. Omba msamaha kabla chai haijaletwa.